Nakaza, nimekaza

Ijumaa jioni, nikishafunika cherehani na kufagia vipande vya turubai, huwa nabaki karakanani na kamba yetu ya kukwea miamba. Naimwaga yote sakafuni, mita 60, halafu naipitisha mkononi kutoka ncha hii hadi ile, polepole, macho nimefumba. Macho hupotezwa na rangi. Pale ambapo kiini cha ndani kimeanza kuachana, vidole vinahisi ulaini wa ghafla, kama ndizi iliyopondeka ndani ya ganda ambalo bado ni zima. Nikiukuta ulaini huo, kamba hiyo haitoki tena na sisi.

Nashona mikoba na mahema Gikomba, mwaka wa 16 huu. Kukwea miamba nilikuingia kupitia mshono. Mwaka 2017 mteja mmoja, mwalimu wa fizikia wa shule ya upili, aliniletea hanesi, ule mkanda wa kiunoni na mapajani ambao mkweaji hufungiwa kamba. Uzi wa paja moja ulikuwa umechakaa, akataka niurudie. Niliigeuzageuza hanesi ile juu ya meza kwa muda mrefu. Sikuwa nimewahi kuona mshono wa aina hiyo: sindano imekwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi mahali pamoja, mpaka uzi umesongamana kama tofali dogo, na rangi ya uzi ni tofauti kabisa na ya utepe. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Uzi ukianza kukatika, unauona mara moja. Nikamwambia sitaushona. Nyuzi zangu zinabeba vitabu na mahindi, hakuna aliyezipima kwa uzito wa mtu anayeanguka, na nikiushona utapendeza, naye atauamini. Anunue hanesi nyingine. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, Jumamosi njoo uone inavyotumika."

Nilienda, na sijaacha mpaka leo.

Tuko wanne. Kuna Mwalimu mwenyewe. Kuna Nesi, anayefanya kazi wodi ya watoto na mara nyingine anakuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, amebeba viatu vya kukwea kwenye mkoba uleule wa kazini. Kuna mpwa wangu, ana miaka 22, na sasa kila mtu anamwita Mpwa. Halafu mimi. Probox ya Mwalimu inatuokota mmoja mmoja kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jua likichomoza tumeshapita Athi River, viwanda vya saruji viko nyuma yetu, Lukenya iko mbele.

Lukenya si mlima mkubwa. Ni kilima kilichosimama peke yake kwenye tambarare za Athi, chini ya kilomita 50 kutoka Nairobi, na asubuhi ikiwa safi unaiona Kilimambogo upande wa pili. Mwamba wake ni gneisi, mkongwe na mkavu, umejaa chembe ndogo ngumu zinazouma ncha za vidole. Siku yangu ya kwanza niliuvamia kwa mikono, kama mtoto anayeparaga mwembe. Baada ya dakika kumi vidole havikuweza hata kufunga kamba ya kiatu. Nesi alinitazama akasema, "Fundi, wewe unakanyaga pedali ya cherehani siku nzima, halafu hapa unaiacha miguu ining'inie?" Tangu siku hiyo nakwea kwa miguu. Natafuta mahali pa kuweka ncha ya kiatu, hata kama ni padogo kama kifungo cha shati, nainua mwili juu ya mguu huo, na mikono inabaki na kazi ya kunishikilia tu nisirudi nyuma.

Kabla hatujatoa chochote kwenye gari, tunamtafuta mzee anayechunga mbuzi upande ule. Tunamsalimia, tunamuuliza habari za nyumbani, tunampa chai ya tangawizi kutoka kwenye thamosi, halafu tunamuuliza kuhusu nyuki. Anajua kila ufa. "Ule wa kushoto wamehamia juzi," atasema, na huo hatutaugusa, hata kama tuliupanga wiki nzima. Mtu aliyening'inia mita 15 kutoka chini hana mahali pa kukimbilia nyuki. Nimesikia wageni wakimpita mzee huyu bila salamu, wakiharakisha kwenda kufunga kamba, na huwa nasikitika, kwa sababu ndiye anayeujua mwamba huo kila siku, asubuhi na jioni, masika na kiangazi.

Mwalimu huzunguka nyuma ya kilima mpaka juu na kuweka nanga, yaani mahali pa kuishikiza kamba kwenye mwamba. Kamba inapita kwenye karabina mbili za nanga, zile pete za chuma zenye mlango wa kufunguka, na ncha zote mbili zinashuka hadi chini. Ncha moja anafungwa mkweaji kwa fundo la nane, ya pili inapita kwenye kifaa kilichofungwa kiunoni mwa mshika kamba. Mkweaji akipanda, mshika kamba anavuta kilicholegea. Akiteleza, kamba inamdaka. Kila karabina imechongwa namba ubavuni, zetu nyingi ni 22 au 24, ikifuatwa na kN, kipimo cha nguvu inayoweza kuhimili, na Mwalimu alinieleza kwamba hiyo ni zaidi ya tani mbili. Kamba nayo ni ya nailoni inayonyumbuka, ili mtu akianguka imnyang'anye kasi kidogokidogo badala ya kumkata kiuno. Vyuma na nailoni, basi, vinatosha na kubaki. Jambo ambalo halijachongwa namba popote ni mtu aliyesimama chini na kamba mkononi, na yule aliye juu anamsikia au hamsikii.

Julai 2022 mtu huyo nilikuwa mimi.

Baridi ilikuwa kali na upepo unavuma kwenye uso wa mwamba. Nesi alikuwa juu, kama mita 12. Kushoto kwetu kulikuwa na kikundi kingine, nao wana mtu juu. Wakati huo sote tulikuwa tunaita kwa maneno ya Kiingereza tuliyoyakuta kwa waliotutangulia: "teki" ukitaka kamba ikazwe, "slaki" ukitaka ilegezwe. Neno fupi na neno fupi. Nesi alichoka mikono, akaita. Karibu sekunde ileile mtu wa jirani naye akaita. Upepo ulichukua mwanzo wa neno ukaniachia mwisho, na mimi nikasikia kulegeza. Nikatoa kamba, mkono mmoja na nusu hivi.

Nesi akakaa. Aliiachia kamba uzito wake wote, akakaa jinsi mtu anavyokaa kwenye kiti chake cha nyumbani, bila kuangalia nyuma. Kamba haikuwepo. Alishuka karibu mita tatu, akazunguka, kiwiko kikakwaruza mwamba, helmeti ikagonga mara moja. Nilisikia mgongano huo kabla sijahisi uzito wake unaninyanyua visigino. Kamba ilimdaka. Akabaki anabembea polepole, amelaza shavu kwenye jiwe, kimya.

Nilimshusha. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba Mpwa alikuja akashika kamba nyuma yangu. Nesi alipokanyaga chini hakupiga kelele. Alifungua fundo lake mwenyewe, akaangalia kiwiko, akasema, "Fundi, niliita." Maneno mawili tu. Nikamwambia, "Niliisikia, nikaisikia vibaya. Nisamehe." Akaitikia kwa kichwa, akatafuta mkoba wake, akajisafisha jeraha kwa mkono mmoja jinsi anavyosafisha watoto wodini, taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Siku hiyo hatukupanda tena. Tulikula chapati na ndengu tukiwa tumeegemea gari, na hakuna aliyemaliza sahani.

Mwalimu ndiye aliyelileta. Alisema hili halikuwa kosa la masikio pekee. Maneno yenyewe yanafanana yakipasuliwa na upepo. Basi tupate maneno ambayo hata yakipoteza nusu bado yanajulikana. Jumamosi iliyofuata hatukukwea kabisa. Mpwa alipanda juu kwa njia ya nyuma akiwa na orodha ya maneno ya Kiswahili, sisi watatu tukakaa chini, mbalimbali, kila mmoja na daftari. Alikuwa anaita neno, tunaandika tulichosikia.

Tulijifunza mengi asubuhi hiyo. "Shika" na "shusha" ni hatari kuyaweka pamoja: kwenye upepo yote mawili ni "sh" na kelele, na moja linamaanisha nizuie, la pili linamaanisha niachie nishuke. Tuliyafuta yote mawili. "Vuta" lilipotea kabisa, Nesi aliandika "mvua". Yaliyofika salama yalikuwa yale yenye urefu tofauti. "Kaza" ni mapigo mawili. "Legeza" ni matatu. "Nimefika" ni manne. Hata usiposikia herufi hata moja, unaweza kuhesabu mapigo. Kwa kushuka tulichagua "chini", linarudiwa mara tatu, kwa sababu ile sauti ya "i" inapenya upepo kama filimbi. Na kila wito unatanguliwa na jina la unayemwita: "Fundi, kaza!" Jirani anaweza kuita anavyotaka, halitanihusu. Wito mmoja tu hauna jina, nao ni "Jiwe!", kwa sababu jiwe likidondoka halichagui kichwa.

Lakini kilichobadilisha kabisa ukweaji wetu ni jibu. Tulikubaliana mshika kamba lazima ajibu, na hapo ndipo Nesi, akiwa na bendeji kwenye kiwiko, alitusimamisha. Alisema, "Usinijibu 'kaza'. Niambie umefika wapi." Nikamwelewa papo hapo. Karakanani mteja akipiga simu nikimwambia "naushona", anajua asije bado. Nikimwambia "nimeushona", anapanda matatu. Kwa hiyo sasa nikisikia "Fundi, kaza!" najibu mara mbili. Kwanza, "Nakaza!" Maana yake nimekusikia, mikono inafanya kazi, usikae. Halafu kamba ikishanyooka mpaka nahisi uzito wa hanesi yake ncha ya pili, naita, "Nimekaza!" Hapo ndipo anakaa. Kati ya hilo "na" na hilo "me" kuna pumzi mbili, tatu, na katika pumzi hizo yule aliye juu anaendelea kujishikilia kwa nguvu zake mwenyewe, lakini anajua hayuko peke yake.

Wiki ya tatu Nesi aliniambia nimshike mimi. Ningeelewa kama angemchagua Mwalimu mwaka mzima. Alipanda ufa uleule. Pale pale, mita 12, akaita. Nikajibu. Alingoja. Nikaita, "Nesi, nimekaza!" Nikaona mabega yake yakishuka, vidole vikiachia mwamba kimoja kimoja, na uzito wake wote ukaja polepole kwenye kiuno changu. Sitausahau uzito ule.

Mara mbili kwa mwaka tunakwenda mbali zaidi, Naivasha, Hifadhi ya Hell's Gate, tunalala kwenye mahema niliyoyashona mwenyewe. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984 na ni moja ya chache nchini unapoweza kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, katikati ya pundamilia. Karibu na lango imesimama Fischer's Tower, nguzo ya mwamba ya kama mita 25, yenye jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Wazee wa Kimaasai wana habari nyingine juu ya nguzo hiyo: kwamba ni bibi harusi aliyekatazwa kugeuka nyuma kutazama kwao, akageuka. Mimi nikikaa chini yake nikishika kamba, habari hiyo ndiyo hunijia, kwa sababu mshika kamba naye hana ruhusa ya kutazama pembeni.

Mwamba wa huko ulizaliwa na volkano na umepasuka wima, mapande yamesimama kama mbao zilizoegemezwa ukutani. Hakuna vishikio vingi. Unaingiza mkono ndani ya ufa, unakunja kidole gumba kuelekea kiganjani mpaka mkono unavimba na kukwama, halafu unajivuta juu yake. Inauma. Nesi hutufunga plasta migongoni mwa mikono kabla hatujaanza, akikata vipande kwa meno. Pimbi wanakaa kwenye vijukwaa vya mwamba wakiota jua na kukutazama usoni ukifika kimo chao. Korongo la chini hatuingii msimu wa mvua. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwaua humo vijana saba waliokuwa matembezini na kikundi cha kanisa, na mvua ya kuua huko inaweza kunyesha mbali huku juu yako mbingu ni nyeupe.

Safari moja pale kwenye nguzo walifika watoto wa shule na basi lao. Nesi alikuwa juu, mimi chini. Waliposikia tunaitana walifurahi, wakaanza kuitikia kwa pamoja, watoto arobaini hivi: "Nimekaza! Nimekaza!" Nilihisi damu inakimbia. Kamba ilikuwa imelegea mkononi mwangu na juu yangu kuna mtu anayelisubiri neno hilohilo. Nikanyanyua mkono nikawaomba, "Watoto wangu, nyamazeni kwanza, dada yule anasikiliza sauti yangu." Mwalimu wao akawatuliza. Wakakaa chini wote, kimya kabisa. Nikakaza, nikaita jina, nikasema neno langu, Nesi akakaa. Hapo ndipo walipopiga makofi. Msichana mmoja alikuja baadaye akaniuliza kwa nini nilikuwa namwambia dada kila nilichokuwa nafanya. Nikampa ncha ya kamba aishike, nikarudi nyuma hatua kumi, nikamfunika macho kwa shali ya Mpwa na kumwambia aniambie kama kamba imenyooka. Alisema hajui. Nikaita, "Nimekaza." Akasema, "Sasa najua."

Jioni hiyo Mpwa aliokota kipande cheusi kinachong'aa, kikamkata kidole kabla hajakigeuza. Ni obsidiani, kioo cha volkano. Alikirudisha palepale, hifadhini hatuchukui kitu. Miezi kadhaa baadaye Mwalimu alitusomea jambo ambalo bado nalifikiria nikiwa barabarani. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta Lukenya, kwenye kilima chetu, zana za mawe za watu walioishi hapo zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, na kati ya zana hizo kuna za obsidiani iliyotoka maeneo ya Naivasha. Sisi tunakwenda kati ya miamba hiyo miwili kwa Probox, zaidi ya kilomita 100, tukilalamikia msongamano wa Mlolongo. Wao waliipitisha mikono kwa mikono, au waliitembea. Tangu nisikie hivyo, nikiwa Lukenya naweka kiganja ukutani kabla ya kupanda, mahali pakavu chini ya mwamba ulioinama, ambapo mtu angejikinga na mvua.

Kamba iliyomdaka Nesi mwaka 2022 niliistaafisha mwaka jana. Ijumaa moja vidole vilikuta ulaini, karibu na katikati. Kamba ya kukwea iliyokwisha haiuzwi wala haigawiwi ikiwa nzima, kwa sababu kijana ataiona imelala, rangi bado nzuri, atapanda nayo. Niliikata vipande vya mita mbili, ncha zote nikaziyeyusha kwa moto wa mshumaa ili zisifumuke, nikavitia kwenye mfuko, nikampelekea mzee wa mbuzi.

Alivikagua kimoja kimoja, akavivuta, akavinusa. Nikataka kumwonyesha fundo la nane, nililolifunga maelfu ya mara. Alilitazama, akasema hilo litamnyonga mbuzi akivuta. Akachukua kipande, akamzungushia jike la shingo nyeupe, vidole vikapita mara mbili nisione. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu alinipa mimi kamba, akamshika mbuzi masikio, akangoja.